Habari ya Kutengeneza Mashine ya Taipu ya Chama

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa matawi ya Kibaha na Kisarawe, katika mkutano uliofanyika Kisarawe)



Katibu alipotuandikia kututaka tutoe hotuba, alitutajia mambo matatu ya kuchagua: adabu ya ofisini, faida ya kuweka akiba, na habari ya mashine ya taipu ya Chama, jinsi ilivyovunjika na jinsi ilivyotengenezwa. Tumechagua la tatu. Juu ya adabu ya ofisini wako wanaostahili kusema kuliko sisi. Na juu ya akiba, watu wanaotudai wamo humu chumbani.

Tena liko deni jingine. Gazeti letu halikutoka kwa muda wa miezi mitano, na wengi wenu mmekuwa mkiuliza sababu yake. Mliambiwa kwamba mashine imevunjika, na jambo hilo ni kweli. Lakini hamkuambiwa nani aliyeivunja. Sehemu kubwa ya kuvunjika kwake ilitendeka kwa mikono yetu sisi tunaosema nanyi, na twataka muipate habari yote, hatua kwa hatua, ili atakayeishika baada yetu asiirudie kazi yetu.

Kwanza yafaa tueleze kwa nini gazeti lisitoke kwa ajili ya mashine moja, hali ofisi zetu zote sasa zina kompyuta. Gazeti letu hupigwa kwa stensili. Karatasi ya stensili imepakwa nta. Herufi ya chuma ikiipiga, nta husogea kando na kuacha njia ya kupita wino. Kisha karatasi hiyo huvishwa kwenye ngoma ya mashine ya kurudufu, nayo huzungushwa kwa mkono, nakala mia mbili kwa muda wa mtu kumaliza chai yake. Haitaki umeme, na wino wake kopo moja hudumu sana. Mashine za kuchapia za kompyuta tulizo nazo hunyunyiza wino juu ya karatasi, au huugandisha kwa joto, hazipigi. Stensili yataka kupigwa. Basi asiye na mashine ya taipu hana stensili, na asiye na stensili hana gazeti.

Na wako wanachama ambao gazeti hilo ndilo barua yao ya pekee kutoka kwetu. Katika miezi ile mitano, mzee mmoja mstaafu, akaaye upande wa Maneromango, hakupata tangazo la kwenda kuhakikiwa. Simu hana, na mjukuu aliyekuwa akimsomea ujumbe alikuwa amehamia Dar es Salaam. Siku ya uhakiki ilipita, pensheni yake ikasimama miezi miwili. Tangazo hilo sisi tulikuwa nalo mezani. Lilikuwa katikati ya stensili siku ile mashine ilipokatika, na stensili ile tunayo mpaka leo, imeandikwa nusu.

Sasa tuseme habari ya mashine yenyewe. Ni Imperial, iliyoundwa katika mji wa Leicester, Uingereza, na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1908. Katika mwaka 1927 kampuni hiyo ilitoa mashine yake namba 50, ikasifiwa sana kwa jambo moja: kwamba lile gari dogo la juu liendalo na kurudi, tutakaloliita kigari, huweza kuondolewa zima zima kama mfuniko wa sufuria; na vile vile lile fungu la herufi, yaani mikono yote ya chuma pamoja na kile kipande chenye umbo la mwezi mchanga inamoningʼinia. Mashine yetu ni ya ukoo huo. Kiwanda cha Leicester kilifungwa mwaka 1975. Kiwanda cha Godrej katika India, kilichoanza kuunda mashine za taipu mwaka 1955, nacho kimekwisha kuacha kazi hiyo. Kwa hiyo mwenye mashine ya kale iliyovunjika hana pa kuagiza sehemu mpya. Hupata kwa kuvunja mashine nyingine, au kwa kubuni.

Mpangilio wa herufi tulio nao watoka, isipokuwa mabadiliko machache, katika mashine ya Bwana Christopher Sholes wa Milwaukee, Marekani, iliyouzwa tangu mwaka 1874 na Remington, watu waliokuwa wakiunda bunduki. Bwana Sholes hakuwa na Kiswahili mawazoni. Herufi ambayo sisi twaitumia kuliko zote ni a, naye aliiweka mwisho wa mstari, mkono wa kushoto, chini ya kidole cha mwisho, kilicho dhaifu kuliko vidole vyote. Herufi q na x, ambazo maandishi sanifu ya Kiswahili tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 hayana kazi nazo, zakaa pale pale bure kama wageni wasiojua siku ya kuondoka. Ukifungua mashine yo yote iliyotumika miaka mingi katika ofisi zetu, utaona mkono wa a umelika na kulegea, na mkono wa q ungali na rangi yake ya kiwandani. Jambo hili lina faida, tutalieleza mbele.

Maradhi yalianza wakati wa masika. Mwajua hali ya Kisarawe katika miezi ile: mawingu yanashuka kutoka vilima vya Pugu yanaingia ofisini kabla ya makarani. Mikono ya herufi ikawa mizito. Ukipiga b, inapanda polepole kama mtu aliyeamshwa, na kabla haijarudi herufi ya pili imekwisha kuikumbatia, zote mbili zimekwama hewani. Sisi tukafanya lile ambalo kila mtu hulifanya. Tulichukua mafuta ya cherehani tukayatia katika mianya ya kile kipande cha mwezi mchanga, mwanya kwa mwanya, mpaka yakadondoka chini. Mashine ikaruka kama mwana-mbuzi. Tulijisifu mbele ya Katibu.

Furaha hiyo ilidumu muda wa majuma mawili. Mafuta hushika vumbi, na vumbi la ofisini likichanganyika na mafuta na chembe za nta ya stensili, huwa gundi. Mwanya wenyewe ni mwembamba, unenepo wake kama ukucha. Kitu kidogo sana chatosha kuuziba. Mikono ikawa mizito kuliko mwanzo. Sasa hapo ndipo tulipoongeza kosa juu ya kosa: kwa kuwa herufi hazikufika kwa nguvu zake, tulizidisha nguvu zetu. Tulipiga kama mtu atwangaye. Tena nta ilikuwa imejaa ndani ya herufi zenye tundu, yaani a, e, o, b na p, hata stensili ikatoa madoa mahali pa herufi. Na sisi, badala ya kusafisha, tukazidi kutwanga.

Siku ya tangazo la uhakiki, katika mstari wa kumi na mmoja, tulisikia mlio mdogo, kama punje ya mchele iangukapo katika sahani. Tuliendelea maneno mawili mbele kabla hatujatambua. Kichwa cha herufi a kilikuwa kimebanduka kutoka mkononi mwake, mkono ukapiga mtupu.

Mabwana, hatujui lugha inayoonewa na jambo hilo kama yetu. Mwingereza akipoteza a bado ana maneno mengi ya kusema. Sisi tulijaribu kuandika kichwa cha gazeti. Mwenyekiti alitoka salama, kwa maana jina la cheo chake halina hata a moja, na mwenyewe amelikumbuka jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Katibu alipungua jino moja. Mtunza hazina alibaki mifupa. Kisarawe ikawa na mapengo mawili, Kibaha mawili. Na neno Chama lenyewe lilitoka kama mtu aliyezibwa mdomo. Tulidhani twaweza kuziandika a zilizopotea kwa kalamu ya stensili, moja moja. Tulihesabu katika ukurasa mmoja a zaidi ya 300. Tulipofika ya arobaini stensili ilichanika.

Tulikitafuta kile kichwa cha herufi. Tuliigeuza mashine ubavu, tukaitikisa, na katika kuitikisa uzi wa kuvutia kigari ukakatika. Uzi huo umefungwa katika kopo dogo la duara nyuma ya mashine, ndani yake mna springi iliyoviringwa kama ulimi wa kinyonga. Ndiyo inayovuta kigari nafasi moja kila herufi ipigwapo. Uzi ukikatika, springi yote hujifungua kwa mara moja. Ilivuma kama nyuki, ikanyamaza. Twashukuru kwamba kidole hakikuwa karibu, maana meno ya kopo lile hukata nyama. Basi kwa siku moja tulipoteza herufi na mwendo pia.

Yupo fundi mjini tuliyempelekea. Hatutamtaja, naye hakuwa mtu mbaya. Alikaa nayo majuma matatu, akatuambia kwamba mashine hizi wakati wake umekwisha, na kwamba yeye yu tayari kuinunua kwa uzito wa chuma. Tuliirudisha nyumbani. Ilikuwa imepungua skrubu mbili.

Hapo ndipo tulipokumbuka mashine ya Kibaha. Wenzetu wa Kibaha wanayo Imperial ya ukoo ule ule, iliyokuwa ya Katibu wao wa kwanza. Ilianguka kutoka katika pikipiki pale Maili Moja miaka kadhaa iliyopita. Kigari chake kilipinda, nayo tangu siku ile imewekwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, hutiwa vumbi na kufutwa vumbi. Tuliandika barua kuomba fungu lake la herufi. Kwa akili zetu jambo lilikuwa rahisi: sisi tunacho kigari kizima na herufi mbovu, wao wana herufi nzima na kigari kibovu. Mashine mbili zilizokufa zitatoa moja iliyo hai.

Majibu ya Kibaha mliyasikia wengi wenu. Walisema kwamba Kibaha ndiko makao makuu ya Mkoa, na kwamba haijapata kusikiwa makao makuu yakatoa ulimi wake kwa wilaya. Mzee mmoja akasema neno ambalo lilitugusa. Alisema mashine ile ndiyo iliyoandika barua za kwanza za tawi lao. Kwamba aliyekuwa akiipiga amekwisha kufa. Na kwamba leo mtaitoa herufi, kesho mtarudi kwa skrubu, kesho kutwa kitabaki kitambaa. Sisi tulikuwa tumeiona mashine hiyo kama ghala ya vipuri. Hatukuwa tumefikiri kwamba watu wake waiona kama kaburi lililo wazi. Tulibishana juma zima kwa barua, na baadhi ya maneno yetu hayakustahili karatasi.

Mwisho walikubali kwa sharti: fungu la herufi liazimwe zima, pasiwe na skrubu ifunguliwayo wala herufi ibanduliwayo, nalo lirudi litakapodaiwa. Tulilifuata. Kutoka Maili Moja hadi Kisarawe tulibadili madaladala mara tatu, tumelipakata kama mtoto, limefungwa katika shuka. Pale Gongo la Mboto kondakta alitaka tulilipie nauli.

Tulipolitia katika mashine yetu liliingia sawasawa, likatoa mlio ule mzuri wa chuma kikaacho mahali pake. Tulivuta kigari kwa mkono, tukapiga mstari wa majaribio, na moyo ukatuanguka. Herufi zilitoka ndogo ndogo, zimeachana, kama meno ya mtoto wa miaka sita. Jambo hili hatukulijua, nasi twawaambia ili mlijue: mashine za taipu zina vipimo viwili vilivyo vya kawaida. Kimoja hutia herufi 10 katika inchi, kingine herufi 12. Mwendo huo haukai katika herufi. Wakaa katika meno ya kigari na lile gurudumu lishikanalo nayo. Mashine yetu ni ya 10, ya Kibaha ni ya 12. Fungu lao la herufi katika mashine yetu laandika, lakini maandishi yake hayapendezi macho, na a yao ni ndogo haiwezi kukaa katikati ya herufi zetu. Kwa hiyo ugomvi wote ule ulikuwa juu ya kitu kisichofaa. Tuliufunga tena mzigo katika shuka yake, tukaurudisha, tukawaomba radhi.

Twapenda kusema hapa kwamba wenzetu wa Kibaha hawakutucheka. Walitupa chai, na yule yule mzee akauliza kama springi ndogo za herufi zafanana katika mashine zote mbili. Tulipima, zilifanana. Basi akakitoa kibanio mwenyewe, akaondoa springi ya q na springi ya x, akasema, “Hizi hazijapata kufanya kazi tangu kuzaliwa. Chukueni.” Nasi tangu siku ile twajua kwamba kila mashine ya taipu katika nchi ya Waswahili yachukua ndani yake akiba ya vipuri viwili vizima.

Kichwa cha a kilipatikana nyumbani. Mama afagiaye ofisi yetu alikuwa amekiokota siku ile ile, akakiweka katika kopo la pini kwa kuwa aliona kimeandikwa. Kwa miezi mitatu kilikaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwetu. Hatukumwuliza, kwa kuwa haikutupitia akilini kwamba mtu asiyepiga taipu aweza kujua habari ya taipu. Tulimwomba radhi yeye naye. Mwaka huu tumeomba radhi watu wengi.

Sasa kukirudisha mahali pake. Kichwa cha herufi hushikwa mkononi kwa lehemu. Tulikwenda kwa fundi wa redio. Chombo chake cha kulehemu ni kidogo, hakitoi joto la kutosha chuma kizito, lehemu ikajikunja kama tone la maji juu ya jani la mgomba. Gundi za dukani tulizijaribu: moja ilidumu herufi tisa. Aliyetufaa ni mzee aundaye vibatari na karai za bati karibu na soko la hapa. Chombo chake ni kipande cha shaba nyekundu chenye mpini, hutiwa katika makaa. Kwanza alikwangua lehemu ya zamani mpaka chuma kikangʼaa pande zote mbili, akapaka dawa kidogo sana, akavisha kitambaa chenye maji katika mikono ya jirani ili joto lisiende kulegeza herufi nyingine. Kisha akatuuliza swali lililotupata tumekaa kimya: “Kikae wapi hasa?”

Maana hapo unywele mmoja ni mwingi. Kichwa kikipanda, a itaelea juu ya mstari, kikishuka, itazama, kikizunguka, italala ubavu. Na kila kichwa kina herufi mbili, ndogo na kubwa, hata ukiisawazisha moja huenda ukaiharibu ya pili. Tulifanya hivi. Mkono wenyewe ulikuwa na alama ya lehemu ya kale, kama unyayo, tukakikalisha katika unyayo huo. Mzee akagusa kwa joto dogo, kikashika nusu. Tukapiga n, a, n, a, n, a, tukatazama miguu ya herufi kwa kioo cha kukuzia: n ina miguu miwili iliyonyooka, nayo yafaa kuwa shahidi. A ilikuwa imezama kidogo. Akaipasha tena, tukaisukuma kwa ncha ya sindano, tukapiga. Mara ya tano zikawa sawa. Ndipo akatia lehemu kamili. Baada ya hapo tuliosha mahali pale vizuri, kwa maana dawa ya kulehemu ikiachwa hula chuma. Alitaka malipo ya kibatari kimoja.

Yale mafuta tuliyoyatia tuliyatoa kwa petroli na mswaki, nje, mbali na moto, siku mbili mfululizo. Hupiga mswaki mianyani, unatikisa kila mkono, unafuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, unaanza tena, mpaka petroli itoke safi. Usitie mafuta tena hapo kamwe. Mikono ya herufi hutaka ukavu. Mafuta, tone moja tu juu ya ncha ya sindano, mahali pake ni katika reli ambazo kigari hupita juu yake, basi.

Uzi wa kuvutia kigari tulibuni. Wa asili ni mkanda wa kusokotwa, haupatikani. Tulitumia mshipi wa kuvulia samaki, ule mnene wa kusukwa. Ule wa nailoni laini hufaa pia lakini fundo lake huteleza. Fungeni upande mmoja katika kopo, kisha zungusheni kopo kinyume cha springi. Sisi tulizungusha mara nne, tukiwa wawili, mmoja akilishika lisirudi, na katika kulishika mmoja wetu alijikata kidole gumba. Halafu upande wa pili hutiwa katika kulabu ya mwisho wa kigari. Mizunguko ikiwa michache, kigari hulala njiani kikikaribia mwisho wa mstari. Ikiwa mingi, huruka nafasi mbili kwa herufi moja. Nne zilipungua kidogo, tano zilifaa.

Mpira wa ile rola ipokeayo karatasi umekuwa mgumu kama pembe, nao hauna dawa ya kweli katika nchi hii. Tuliusugua kwa msasa laini ili karatasi isiteleze, na nyuma ya stensili sasa twaweka karatasi nene, ili nukta isitoboe tundu. Vile vimagurudumu vidogo vya chini vilivyokuwa vimelika tulivivisha vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli.

Nanyi mtakaopiga stensili, utepe wa wino uondoeni katika njia yake kwa kile kitasa cha pembeni, herufi ipige nta yenyewe. Na kila stensili moja ikiisha, chukueni mswaki mkavu msafishe herufi zenye tundu. Mpigo uwe mwepesi. Tulivunja mashine kwa kukosa kazi ya dakika tatu.

Toleo la kwanza baada ya miezi mitano lilitoka Jumamosi iliyopita, nakala 200. Tulilipeleka Maneromango wenyewe. Yule mzee amekwisha kuhakikiwa, na malipo yake yamerudi, ila ya ile miezi miwili bado yafuatiliwa. Katibu anayo nakala ya barua. Alilichukua gazeti, akalinusa wino, akamwita jirani amsomee. Hakutuuliza kilichotuchelewesha, nasi tulikuwa tumejiandaa kueleza, tukabaki na maelezo yetu.

Bwana Mwenyekiti, limebaki jambo moja. Wenzetu wa Kibaha wameuliza kama twaweza kukinyosha kigari chao. Tumekitazama: reli moja imepinda, meno yote yako mazima. Yule mzee wa vibatari asema aweza kujaribu, lakini ataka kipande cha mbao ngumu chenye urefu wa dhiraa moja, kilichonyooka kweli kweli, cha kukifungia. Mwenye mpingo au mninga wa namna hiyo na amwone Katibu leo kabla ya kuondoka.

Na kengele ya mashine yetu bado hailii. Kinyundo chake kimepinda, hatujathubutu kukigusa. Mtakapofika mwisho wa mstari, tazameni wenyewe.